Mtoto wa Mashine

Waliinunua Luthuli, orofa ya tatu,
kwa mwenye duka asiyeandika risiti.
Kitabu cha maelezo ni cha Kikorea.
Mwenyekiti akanikabidhi: "Syombua,
wewe ndiwe wa funguo, na projekta iwe yako.
Jumamosi tunamkumbuka mzee Atamba,
watu waone picha."
Kisha akaenda zake.

Usiku wa Jumatano, ukumbi wa Kaloleni mtupu,
viti vya plastiki vimepandana hadi dirishani,
nikakaa na kile kiboksi ana kwa ana.
Kuwasha nilijua. Taa nyekundu, taa ya kijani,
feni ikaanza kuhema kama mwenye pumu,
na ukutani giza ni lile lile.
Nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile,
nikaiita majina ambayo mtunza ukumbi
hatakiwi kuyajua.
Nikanusa plastiki inaanza kuungua:
kumbe kifuniko cha lenzi bado kiko usoni.
Namlaumu asiyeona,
na jicho nimemziba mimi.

Nikazima, nikangoja ipoe. Nikakivua. Nikawasha.

Mtoto.
Ukuta mzima mtoto, kichwa chini miguu juu,
mapengo mawili mbele, kofia ya karatasi,
anamcheka mtu ambaye picha haikumchukua.
Nikaruka. Sijachomeka waya wowote!
Akakaa sekunde tano, akatoweka,
akaacha bluu tupu na neno moja: hakuna ishara.

Nilitafuta saa nzima mahali alipolala.
Menyu ina lugha ishirini na tisa, nilizihesabu,
yetu haimo.
Nikachukua Kiingereza, cha kuazima hakisitiri,
nikashuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye swali:
pasipo na ishara pawe bluu, peusi, au picha?
Picha, nikasema. Kwa sauti.
Akarudi, akakaa.

Basi mashine nikajifunza kwake.
Nilileta selotepu na kalamu ya wino
nikavibatiza vitufe.
PINDUA: akasimama wima.
NYOOSHA, maana alikuwa mpana juu, mwembamba chini,
kama debe lililokanyagwa,
mpaka pembe nne zikapatana.
Pete ya lenzi nikaiita KAZA MACHO:
robo zunguko, kope zikahesabika.
FUMBA: picha inajificha, taa inawaka ndani,
kama mtu anayejifanya amelala
mgeni akibisha hodi.
Na GANDISHA, ambacho hadi leo nakiogopa kidogo.

Chini kabisa, palipoandikwa umri wa balbu:
saa elfu mbili mia moja na nane.
Saa hizo zote alikuwa wa mtu.
Huenda sasa ana ndevu, huenda anauza simu
mtaa huo huo wa Luthuli.
Na chini yake: futa picha ya kuanzia?
Ndiyo. Hapana.
Mwenyekiti alitaka nembo ya chama.
Kidole changu kilisimama pale
kama mdaiwa mlangoni kwa mwenye nyumba.

Jumamosi watu walijaa, shuka mbili nimeziunga ukutani.
Nikawasha, na kabla ya Atamba wa reli,
Atamba wa harusi, Atamba na baiskeli yake,
akatangulia yeye na kofia yake ya karatasi.
Mnong'ono ukapita safu hadi safu.
Mwenyekiti akanitazama vile anavyotazama hesabu isiyolingana.
Mjane akageuka. "Huyu ni wa nani?"
"Wa mashine, mama."
Akamkodolea macho sekunde zote tano.
"Mapengo ni ya Atamba," akasema,
akacheka, mkono mdomoni,
na waliokuja kulia wakakosa la kufanya na leso zao.

Walipokwisha kuondoka nilizima, sikuchomoa waya.
Feni haikubali kuharakishwa.
Nikapanga viti, kimoja juu ya kimoja,
yenyewe ikipumua nyuma yangu,
na nilipofika cha mwisho
bado ilikuwa inapumua.